Limbuko la Agosti

Katikati ya Agosti, wakati miti mingi ya matufaha ya Kent na Herefordshire bado imebeba matunda mabichi yenye ugwadu wa kukunja uso, Discovery ya uani kwetu hapa Essex huwa imekwisha kuiva. Cox itaiva mwishoni mwa Septemba. Bramley itachumwa Oktoba, iwekwe mahali pa baridi, na mtu ataipikia mikate ya matunda hadi Machi. Discovery haina habari ya kuwekwa. Siku yake ikifika inageuka rangi, inanukia, inalegea kikonyo na kuanguka, na baada ya wiki chache mti umebaki na majani matupu, jua la kiangazi lingali kali.

Bustani za kibiashara haziipendi sana tabia hiyo. Mimi ndiyo iliyonifanya niupende mti huu kuliko yote iliyomo uani. Naamini tunda lisiloweza kuwekwa linatupa kitu ambacho tunda la kuwekwa haliwezi kutupa kamwe, nalo ni limbuko. Waliokulia Muheza au Korogwe wanajua ninachosema. Mahindi mabichi ya kwanza ya mwaka hayaliwi kama yanavyoliwa yale yaliyokwisha kuzoeleka. Bibi hupelekewa kwanza, watoto huitwa, jirani ambaye shamba lake limechelewa hapewi nafasi ya kuomba kwa sababu ameshaletewa. Chakula ni kilekile cha mwaka jana, lakini kwa siku hiyo moja kinakuwa habari. Mtu hawezi kulimbuka kitu ambacho hakijawahi kumpotea.

Kwa nini tufaha moja lingoje na jingine lisingoje? Jibu limo katika gesi isiyoonekana. Tufaha linapokaribia kuiva huanza kutoa ethilini, na ni mwaka 1934 ambapo Richard Gane, mtafiti wa Uingereza, alithibitisha kwamba matunda yanayoiva huitengeneza gesi hiyo yenyewe. Ethilini ikishaanza kutoka, huchochea ethilini zaidi itoke, na tunda linaingia safari isiyo na kurudi. Linaanza kupumua kwa kasi. Wanga wake unageuka sukari. Ukali wa asidi unapungua, harufu inafunguka, na pektini inayozishikamanisha seli inaanza kuyeyuka. Matufaha ya mwisho wa msimu huenda safari hiyo polepole. Ya mapema hutoa gesi nyingi kwa mpigo, ndiyo maana tunda lililovunjika kwa mlio mdomoni Jumatatu linaweza kuwa na ungaunga Jumapili.

Gesi hiyohiyo hufika hadi kwenye kikonyo. Pale kinapokutana na tawi pana tabaka jembamba la seli lenye kazi moja tu, ya kuachia. Ethilini ikizidi, seli hizo hulegezana na tunda hudondoka, hata upepo usipovuma. Nimelifikiria sana jambo hili nikiwa nimesimama chini ya mti. Kinacholifanya tufaha linukie hadi ulisikie ukiwa mlangoni ndicho pia kinacholiangusha. Mkulima wa tunda la mapema hawezi kuomba apewe harufu bila anguko, kwa kuwa vyote viwili vinatoka mahali pamoja na kwa wakati mmoja.

Watu wa Uingereza ya zamani walilijua hilo bila kujua habari za ethilini. Karibu na mji wa Bath, mahali paitwapo Bailbrook, ilipatikana katika miaka ya 1860 aina iliyokuja kuitwa Beauty of Bath. Ni tufaha dogo, bapa, jekundu lenye madoa, kali kidogo mdomoni, na huiva mwanzoni mwa Agosti au hata kabla. Mwaka 1887 lilipewa cheti cha daraja la kwanza na chama cha kifalme cha kilimo cha bustani, na baadaye likapandwa kwa wingi kwa ajili ya masoko. Tatizo lake lilikuwa kuanguka. Liliachia tawi karibu lote kwa pamoja, tena likiwa na ngozi nyepesi inayochubuka upesi. Basi wakulima walitandaza mabua makavu ya ngano chini ya miti ili matunda yakianguka yapate pa kulala. Kila nikisoma habari hiyo naona heshima ndani yake. Walijua kwamba mti hauzuiliki, wakautandikia.

Lakini kwa nini wahangaike hivyo kwa tunda dogo, kali, lisilokaa hata wiki? Kwa sababu lilikuwa la kwanza. Kabla ya majokofu, matufaha yaliyohifadhiwa tangu vuli yalifika Mei na Juni yakiwa yamesinyaa ngozi, na mengi yalikwisha kabisa. Kati ya tufaha la mwisho la zamani na la kwanza jipya palikuwa na pengo la wiki kadhaa, na pengo hilo ndilo lililompa mwenye Beauty of Bath bei nzuri. Tunda lile liliishi kwa njaa ya watu.

Pengo likazibwa. Katika miaka ya 1920, Franklin Kidd na Cyril West walikuwa wakipima pumzi za matufaha huko Cambridge. Waliona kwamba tunda linapoanza kuiva upumuaji wake hupanda ghafla, kisha hushuka kuelekea kuoza, na kwamba likiwekwa kwenye chumba cha baridi chenye oksijeni kidogo na kabonidayoksaidi nyingi kuliko kawaida, kupanda huko huchelewa sana. Mwaka 1929 ghala la kwanza la kibiashara la namna hiyo lilijengwa Kent. Leo matufaha hukaa kwenye vyumba ambamo oksijeni imepunguzwa hadi asilimia chache tu, joto likiwa juu kidogo ya sifuri, na kuna gesi nyingine inayoziba njia ambazo tunda hupokelea ujumbe wa ethilini. Tufaha lililochumwa Septemba linaweza kuliwa kiangazi kinachofuata likiwa bado gumu. Ongeza meli zinazoleta mavuno ya Afrika Kusini, Chile na New Zealand, ambako miezi yetu ya kuchanua ndiyo miezi yao ya kuchuma, na utaona kwamba duniani sasa hakuna siku isiyo na tufaha dukani.

Sitaki kuidharau kazi hiyo. Matufaha ya kwanza niliyokula maishani yalikuwa ya Afrika Kusini, na wengi waliokulia Tanzania watasema hivyohivyo. Yalikuja kwenye maboksi ya tabaka, kila tunda limelala kwenye kikombe chake cha karatasi, na muuzaji wa barabarani aliyapanga na kuyafuta kwa kitambaa hadi yakang'aa. Mtu akilazwa hospitalini, ndugu walikwenda na machungwa na matufaha kwenye mfuko. Ghala la baridi ndilo lililoliwezesha tunda la nchi ya baridi kufika kitandani kwa mgonjwa Tanga katika mwezi wowote wa mwaka. Hayo ni mafanikio makubwa, na nayaheshimu.

Ninalosema ni kwamba mafanikio hayo yalikuwa na gharama yake, na gharama ililipwa na tunda la mapema. Pengo lilipozibwa, hakukuwa tena na sababu ya kumlipa mtu atandaze mabua chini ya mti unaodondosha vitunda vikali mwanzoni mwa Agosti. Beauty of Bath ikaondoka sokoni. Leo utaikuta kwenye viwanja vya nyumba za zamani, na huko Brogdale, karibu na Faversham, ambako Uingereza imekusanya na kuhifadhi aina zaidi ya 2,000 za matufaha. Na wala si hiyo peke yake. Gladstone, George Cave, Irish Peach, Lady Sudeley, zote ni za mapema, na zote zimekimbilia uani kwa watu. Soko huchagua tunda linalovumilia safari na ghala. Anayeweza kulichagua tunda kwa sababu nyingine ni yule tu ambaye mti uko hatua chache kutoka mlangoni pake.

Discovery yenyewe ni mtoto wa uani. Kiasi cha mwaka 1949, kijijini Langham, hapa Essex, mfanyakazi wa shamba la matunda aitwaye George Dummer alipanda mbegu za tufaha la Worcester Pearmain. Katika miche iliyoota mmoja ulimpendeza, akaamua kuuhamishia kwenye bustani ya nyumba yake. Dummer alikuwa na mkono mmoja, hivyo mkewe alimsaidia kazi hiyo. Inasimuliwa kwamba mama huyo aliteleza akavunjika kifundo cha mguu kabla mche haujafukiwa, ukabaki umelala nje siku nyingi za jalidi, umefunikwa gunia tu. Ukapona. Baadaye mwenye kitalu mmoja wa Suffolk, Jack Matthews, aliuona, akachukua vijiti vyake na kuuzalisha. Kwanza aliuita Thurston August, na mapema miaka ya 1960 ukapewa jina ulilo nalo sasa. Hudhaniwa kwamba chavua iliyozaa mbegu ile ilitoka kwenye Beauty of Bath, na mimi nikiutazama wekundu wake na haraka yake sioni ajabu.

Mbegu ya tufaha haizai mama yake. Ukipanda mbegu za Discovery utapata miti ya kila namna, mingi ikiwa haifai kuliwa. Kwa hiyo kila Discovery iliyopo duniani imebebeshwa kutoka kwenye mti mwingine, uliobebeshwa kutoka kwenye mwingine, hadi ufike kwenye mche ule uliolala chini ya gunia Langham. Mti wa uani kwetu ni kipande cha mti wa Dummer. Nasema hivyo bila kutia chumvi.

Kazi yake ya mwaka haina mambo mengi. Majira ya baridi hufanya sehemu kubwa: tufaha huhitaji mamia ya saa za baridi chini ya nyuzi 7 hivi ndipo lichanue sawasawa, na hilo hapa halinunuliwi. Mwishoni mwa Aprili na mwanzoni mwa Mei maua hutoka, na sifa moja ya Discovery ni kwamba maua yake huvumilia jalidi kuliko ya aina nyingi. Haijichavushi yenyewe. Inahitaji tufaha la aina nyingine linalochanua wakati uleule, karibu kiasi cha nyuki kwenda na kurudi, na katika mitaa ya huku mara nyingi jirani anao mti huo bila kujua kwamba anawalisha wenzake.

Baada ya hapo kuna jambo moja ambalo kwa tunda la mapema halitaki kucheleweshwa, nalo ni kupunguza. Katika wiki za kwanza tangu ua kudondoka, tufaha hujenga idadi ya seli zake; muda wote uliobaki ni wa kuzijaza tu. Cox ina miezi ya kujaza. Discovery haina. Kila kishada kina matunda matano au sita yanayogombea utomvu uleule, na ukiyaacha yote utavuna vitunda vya ukubwa wa ndimu, tena mti utachoka na mwaka unaofuata usizae. Mti wenyewe huangusha baadhi mwezi Juni, ila kwangu mimi huko ni kuchelewa. Mimi huanza mwishoni mwa Mei, naacha moja au mawili kwa kishada, na kati ya kishada na kishada upana wa kiganja. Mkono husita. Kutupa chini matufaha madogo yenye afya ni kazi ngumu kwa mtu aliyelelewa kutomwaga chakula, na sidhani kwamba itakuja kuwa rahisi. Lakini yale yanayobaki yanakunywa mvua ya Juni peke yao, na Julai ikifika unaona yanavyotuna.

Kisha unakuja uvunaji, na hapa ndipo ninapotaka kukaa.

Watu wengi hudanganywa na wekundu. Wekundu ni kazi ya jua. Tunda la juu upande wa kusini linaweza kuwa jekundu kama damu na bado likawa bichi. Rangi ya kutazamwa ni ile ya chini, karibu na kikonyo au upande wa kivulini, ambako kijani hugeuka kuwa manjano hafifu. Wengine hupasua tunda wazione mbegu, kwa kuwa mbegu za kahawia ni dalili ya kuiva. Kwa matufaha ya Oktoba kipimo hicho kinafaa. Kwa ya mapema hakiaminiki sana, kwa sababu mara nyingine nyama hutangulia na mbegu zingali nyeupe, nalo tunda tamu kabisa. Ninachokiamini ni kiganja. Unalipokea tufaha kwa mkono wote bila kulibinya, unaliinua juu kidogo huku unalizungusha. Likiwa tayari, kikonyo kinaachia chenyewe na kutoka na tunda. Likikataa, liache. Ukilinyofoa unaweza kuondoka na kile kijiti kifupi kilichokwisha kubeba machipukizi ya maua ya mwakani.

Mti hauvunwi siku moja. Huanza matunda ya nje na ya juu, yaliyolamba jua, kisha ya katikati, mwisho yale yaliyojificha ndani ya majani. Kila baada ya siku mbili au tatu unazunguka tena, asubuhi na mapema, matunda yakiwa bado na ubaridi wa usiku. Shamba la biashara haliwezi kuumudu mwendo huu. Vibarua hulipwa wapite mara moja au mbili, wachume vyote vilivyo karibu kuiva, na vilivyobaki viivie njiani. Mwenye mti uani hana haja ya kukisia. Anaweza kulingoja kila tufaha mpaka siku yake. Discovery iliyochumwa siku yake hupasuka mdomoni ikitoa maji, na mara nyingine chini ya ngozi utaona michirizi ya waridi imeingia kwenye nyama, na nyuma ya utamu kuna kitu kinachofanana na stroberi. Siku ya nne ladha hiyo imepungua. Ingawa katika matufaha ya mapema hii ni mojawapo ya zinazostahimili, ikikaa wiki mbili au tatu mahali pa baridi bila kuharibika, tunda ninalolisifu mimi ni lile la siku ya kwanza.

Yanayotangulia kuanguka huwa na wateja wake. Nyigu hutoboa, ndege weusi wa bustani hudona upande mmoja na kuhamia jingine, na vipepeo weusi wenye mikanda myekundu hutua juu ya yaliyopasuka na kunyonya hadi mtu anaweza kuinama karibu nao wasiruke. Yale yenye kiwavi wa nondo huanguka kabla ya wenzake; hayo huyaokota mapema nikayatoa uani, kiwavi asipate kushuka na kujificha kwenye magome kungojea mwakani. Mengine nawaachia wageni.

Shangazi yangu wa Muheza alinipigia simu kipindi hicho, nikamwambia kwamba matufaha yanaanguka kila siku na hatuyawezi.

"Sasa mwanangu, si uyatie kwenye friji?"

"Shangazi, friji linayapunguzia mwendo tu. Haliyasimamishi."

Akanyamaza kidogo. "Basi ita watu."

Hakuwahi kuuona mti wa tufaha, lakini alilielewa tunda hili kuliko vitabu vingi nilivyosoma. Ghala linampa mwenye mavuno uwezo wa kuyabana mpaka bei ipande. Tunda la Agosti linamnyima uwezo huo. Likishaiva, ama ulile ama ulitoe, na mti mmoja mkubwa huzaa kuliko nyumba moja inavyoweza kula. Kwa hiyo ndoo hukaa kwenye ngazi za mlango wa mbele, tarishi huchukua, watoto wa jirani hujaza mifuko ya kaptula, mzee wa nyumba ya pili ambaye mwaka mzima tunapungiana mikono tu husimama na kueleza tufaha la utotoni mwake. Yaliyochubuka hukatwa sehemu mbovu, hupikwa na tangawizi na mdalasini kidogo, na mengine huwa achari. Sijaona tunda la dukani likifanya kazi hiyo mtaani kwetu, na silaumu duka. Tunda lake halina haraka ya kutosha.

Katika majuma hayohayo ya kuvuna ndipo hufanyika pia kazi ya kubebesha kwa jicho, maana machipukizi ya mwaka huu yamekomaa na maganda bado yana utomvu. Mwaka huu kijana mmoja Mkenya, aliyehamia nyumba mpya ng'ambo ya barabara, alikula kutoka kwenye ndoo ya mlangoni, akarudi kuuliza mti unauzwa wapi. Nikamwambia asinunue. Alikuwa tayari amepanda mche wa MM106, shina la kubebeshea la ukubwa wa kati, kwa ajili ya aina nyingine iliyomfia. Nikakata kijiti cha mwaka huu, nikatoa majani nikiacha vikonyo vyake, nikachonga jicho moja pamoja na ubao mwembamba nyuma yake, tukaliketisha kwenye kovu la kipimo hichohicho tulilolichonga kwenye shina lake, karibu kiganja kimoja juu ya udongo, na tukafunga kwa utepe. Likishika, mwishoni mwa majira ya baridi atalikata shina lote lililo juu ya jicho, na kinachoota kitakuwa Discovery.

Aliniuliza ataanza kula lini. Miaka mitatu au minne, nikamwambia, na pengine zaidi, kwa kuwa aina hii huchelewa kuanza kuzaa. Maua ya mwanzo ayatoe mti upate nguvu. Uchavushaji asiuhofie, maana mti wangu hautamfaa kwa kuwa ni aina ileile, lakini nyuma ya kituo cha basi pana tufaha-mwitu linalochanua mwanzoni mwa Mei, na nyuki wa huku wanaijua njia.